Posa ya Mwizi wa Mayai

"Tutoroke," Fergal alisema.

Alilisema neno hilo akiwa ameegemea lango la malisho yake, buti za mpira zimejaa tope, uso ameuelekeza kwa ng'ombe kana kwamba anawaomba wao ruhusa. Orla Devane alimtazama mwanamume huyo wa miaka arobaini na moja, mwenye mikono mipana kama makasia na haya kama mwari, akahisi moyo ukimwenda mbio na papo hapo hasira zikimpanda. Kwamba anampenda, hilo halikuwa na mjadala tena. Lakini kutoroka?

"Tutoroke twende wapi?"

"Dublin. Ijumaa mkimaliza kurekodi, malori yenu yakiondoka, nami napanda. Nitamwachia mama barua mezani."

"Barua."

"Barua ndefu," Fergal alijitetea. "Nitamweleza kila kitu. Hata habari za yule ndama mgonjwa."

Orla alicheka bila kutaka. Kisha akamshika kola ya koti, akamgeuza kutoka kwa ng'ombe wake mpaka macho yao yakakutana. Macho ya Fergal yalikuwa na rangi ya mvua, na kila yalipomtulia Orla yalimfanya asahau alichotaka kusema. Safari hii hakusahau.

"Nisikilize vizuri. Miaka minane naigiza mwizi wa mayai kwenye televisheni. Inatosha. Mtoto wa mtu siibi."

"Humjui mama yangu."

"Ndiyo maana naenda kumjua."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Fergal alibadilika rangi. "Sasa hivi haiwezekani! Ni Jumatano, anapiga pasi vitambaa vya altare. Mama akipiga pasi vitambaa vya altare hasogelewi na mtu. Hata padri hupita mbali."

"Basi leo atasogelewa," Orla alisema, akalifungua lango.

Kijiji hicho kinaitwa Knockaderra, magharibi kabisa ya Ireland, mahali ambapo mvua haiji wala haiondoki, inakaa tu kama mpangaji. Kila kiangazi watu wa televisheni walikuja hapo kurekodi *Majirani wa Mungu*, kichekesho cha kijiji cha vituko ambacho nchi nzima ilikitazama Jumapili jioni. Palikuwa na padri anayeogopa kuku, mabwana wawili waliogombania kiti kimoja cha baa kwa miaka ishirini, na juu ya wote palikuwa na Philo, bibi mchechemeaji anayeiba mayai ya padri na kuyaficha ndani ya kofia. Akikamatwa, Philo hushika kola, hucheka kicheko chake cha ajabu na kusema, "Si mimi, Padri, ni kuku!" Nchi nzima huvunjika mbavu kwa kucheka.

Orla ndiye Philo. Kwa saa mbili kila asubuhi walimpaka mikunjo usoni na kumvika wigi jeupe. Na ni wigi hilo, lililosahauliwa juu ya ukuta wa mawe kiangazi cha mwaka uliopita, lililoliwa na ng'ombe wa Fergal Geraghty. Fergal alikuja kuomba radhi akiwa na mabaki yake kwenye ndoo. Aliomba radhi siku hiyo, akaomba tena kesho yake, na siku ya tatu wote wawili walijua kwamba habari ya wigi ilikwisha zamani.

Tatizo lilikuwa mama. Jumapili iliyopita Fergal alijikaza akamwambia jina la mwanamke anayetaka kumuoa. Mama yake aliiweka birika chini, akasema, "Yule mwizi wa mayai hatakanyaga kizingiti changu nikiwa hai," kisha akammiminia mwanawe chai kama kawaida.

Orla alidhani anaelewa. Amezoea. Mwenye duka la kijijini humtania kwa kuyafunika mayai kila anapoingia. Hata sasa, akipanda njia ya kwenda nyumba ya akina Geraghty, tarishi wa posta alimpita na baiskeli akapaza sauti, "Philo! Ni kuku!" Siku zote Orla humjibu kwa kile kicheko. Leo alimpungia mkono tu. Kichwani alikuwa anapanga hotuba yake: Mama, Philo ni mtu wa kubuni, mimi ni mimi.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Ndani kulinukia moshi wa udongo mkavu wa kinamasi, kuni za watu wa huko, uliokuwa ukiwaka mekoni, na mkate wa magadi uliotoka motoni punde. Mama Geraghty alisimama wima mbele ya meza ya pasi, mwanamke mdogo wa miaka sabini na kitu, nywele nyeupe zimefungwa barabara. Hakuinua kichwa.

"Mungu awabariki wote waliomo humu," Orla alisema. Ni salamu ya watu wa huko, na Mkatoliki hawezi kuiacha bila kuijibu.

Pasi ilienda, ikarudi, ikaenda tena.

"Akubariki na wewe," mama akasema mwishowe, kwa shida. "Kama umekuja kuchukua mayai, kuku wako nyuma."

"Sikuja kwa mayai, Mama. Nimekuja kwa Fergal."

"Fergal yuko malishoni. Mlango ulioingilia ndio wa kutokea."

"Nimekuja kumposa."

Pasi ikasimama. "Kumfanya nini?"

"Kumposa. Yeye anaogopa kusema, mimi siogopi. Sasa mmoja wetu ilibidi aje."

"Tangu lini mwanamke akajiposea mume?"

"Tangu leo."

Mama Geraghty alimtazama kwa mara ya kwanza, kutoka viatu hadi nywele, bila haraka. "Una miaka mingapi?"

"Thelathini na sita."

"Kukamua unajua?"

"Sijui. Nitajifunza."

"Kanisani unakwenda?"

"Si mara nyingi. Sitaki kukudanganya."

"Hilo angalau," mama alisema, akarudi kwenye pasi yake.

Orla akaona moyo wa mama umelegea kidogo, akaisukuma hotuba yake. "Mama, najua watu wananichanganya na Philo. Nawaelewa. Lakini Philo katungwa na mwandishi kule Dublin. Mimi siibi, silewi, wala sigombani na sanamu ya Mtakatifu Yosefu. Ukinipa nafasi utaona kwamba mimi na Philo ni watu wawili—"

"Unadhani mimi mjinga."

"Hapana, Mama!"

"Unadhani sijui tofauti ya mwigizaji na mtu. Binti, nimefundisha shule ya kijiji hiki miaka thelathini na nne. Tofauti naijua." Alikunja kitambaa mara tatu, akakibonyeza kwa kiganja. "Maneno aliandika mwandishi, nakubali. Je, ule mwendo? Ule nao aliuandika yeye?"

Orla akashusha macho.

"Kuvuta mguu kama mtu anayefagia njia," mama aliendelea, sauti yake imeshuka. "Kushika kola, vidole viwili, hivi, akiongea na mtu mkubwa. Na kicheko. Kinaanzia puani, kinapanda, kinapanda, halafu kinakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Hivyo vimetoka wapi?"

Orla alijua vilikotoka. Miaka minane nyuma, kabla kamera hazijafika, alikuja Knockaderra peke yake kumtafuta Philo. Alikaa posta asubuhi mbili, siku za pensheni, amejifanya anaandika kadi. Hapo ndipo alipomwona mwanamke mwenye koti la kijani, anachechemea, anacheka na karani. Alirudi chumbani kwake akasimama mbele ya kioo, akaurudia mwendo ule mpaka mbavu zikamuuma. Mwendo ule ulimpa tuzo mbili na jina. Jina la mwenye mwendo hakuwahi kuliuliza.

Angeweza kusema hakumbuki. Neno lilikuwa pale, tayari ulimini. Alilimeza.

"Nilimwona mwanamke posta," alisema. "Alivaa koti la kijani."

Mama Geraghty alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekuwa anangoja pigo na sasa limefika.

"Nonie," alisema. "Mdogo wangu."

Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo Orla alihisi halifanyiki mara nyingi katika jiko hilo wakati wa kazi.

"Polio ilimshika ana miaka sita. Ule mguu ni wa hiyo polio. Kicheko kile ni cha masista. Nonie alikuwa mtoto wa kucheka, anacheka hata kanisani, na kila akicheka kulikuwa na sista mmoja anamziba mdomo kwa kiganja. Basi akazoea kujikatiza mwenyewe." Aliutazama moto. "Siku ya kwanza kile kipindi kinaonyeshwa tulikitazama hapa hapa, sote watatu. Wewe ulipotokea, Fergal akacheka. Nonie naye akacheka. Halafu akanyamaza. Akaniuliza, 'Connie, hivi mimi ndivyo nilivyo?'"

Orla alishika ukingo wa meza.

"Nikamwambia hapana. Maisha yangu yote sijamdanganya ila siku ile. Asubuhi yake akaenda dukani, wakamwita Philo. Wakamwambia ni kuku. Hawakuwa na nia mbaya. Ni utani. Lakini utani ukirushiwa kila siku ni mawe. Yeye anawachekea, anarudi hapa, anakaa kwenye kiti hicho ulichosimama karibu nacho, hasemi kitu. Alikuwa akienda Misa ya saa tano, benchi la tatu. Akaiacha. Akawa anaenda ya saa mbili asubuhi, anakaa nyuma, mlangoni, ili atoke kabla ya watu."

"Yuko wapi sasa?" Orla aliuliza, ingawa jibu alishalihisi.

"Alifariki mwezi wa Februari, sasa yapata miaka miwili na nusu. Mapafu."

"Fergal anajua?"

"Fergal!" Mama alitoa sauti iliyokaribia kicheko. "Fergal anamwona ng'ombe anayechechemea ng'ambo ya mlima. Ya ndani ya nyumba haoni mpaka umpige nayo usoni. Aliona mnafanana, akasema kila bibi wa magharibi anatembea hivyo. Na Nonie aliniapisha nisiseme. Hakutaka mtu ajue ameumia. Alikuwa na fahari yake."

Mvua iligonga dirisha. Orla alitaka kulia, akajizuia. Aliona machozi hapo yangekuwa kuomba ahurumiwe yeye.

"Sina utetezi," alisema. "Nilimtazama mdogo wako kama mtu anayetazama vitu vya dukani. Nikachukua nilichotaka, nikaondoka. Hata jina sikumuuliza. Uliponiita mwizi hukukosea, Mama."

Mama aliendelea kuutazama moto.

"Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya kurekodi. Sitautembea tena mwendo ule. Wakitaka wanifukuze."

"Ukiacha leo unamsaidia nani? Aliyeko kaburini?"

Neno hilo lilimpata. Kulikuwa na mlango nyuma yake, na njia, na kule chini lango, na mwanamume mwenye macho ya mvua ambaye bado alikuwa radhi kuandika barua ndefu na kupanda lori. Orla alivuta kiti, akakaa mbele ya mama Geraghty, magoti yao karibu yagusane.

"Mama, nikiondoka sasa nitakuwa nimekuibia halafu nimekimbia. Siondoki. Niambie nifanye nini. Ukiniambia nimwache Fergal nitakataa, nakwambia mapema usije ukasema nilikuficha. Lakini jambo lingine lolote, sema. Nitalifanya."

"Una kichwa kigumu."

"Ninacho."

Walitazamana. Kisha mama Geraghty aliinuka, akaichomoa pasi ukutani, akaisimamisha mahali pake. Aliposema, alisema akiwa amempa Orla mgongo.

"Mfanye."

"Nimfanye nani?"

"Nonie. Hapa. Sitaki Philo, Philo simtaki nyumbani kwangu. Mfanye yeye." Akakiokota kitambaa mezani. "Picha zake ninazo, lakini picha haicheki. Mwezi uliopita nilijaribu kukikumbuka kile kicheko nikashindwa. Nilikaa kitandani nakitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo. Nchi nzima ukisema ni nani aliyebaki nacho, ni wewe."

Orla alisimama. Amewahi kuigiza mbele ya rais, mbele ya watu elfu mbili, na hakuwahi kuogopa hivi. Alienda mpaka mlangoni. Kwa miaka minane alikuwa ameuongeza mwendo ule, kidogo kila mwaka, kwa sababu kila alipouongeza watu walicheka zaidi. Sasa ilibidi auvue, tabaka baada ya tabaka, mpaka amfikie tena yule mwanamke wa posta. Akapiga hatua.

"Taratibu," mama alisema. "Hakanyagi kabla hajatazama anapokanyaga."

Orla alirudi mlangoni, akaanza upya.

"Mguu ni wa kushoto."

Kwenye televisheni ulikuwa wa kulia. Mwongozaji ndiye aliyetaka, kwa ajili ya kamera. Orla akaubadilisha. Akatembea kutoka mlangoni mpaka kabatini, akiangalia sakafu, mguu wa kushoto ukimfuata nyuma kama mtoto mzito. Akafika, akashika kola kwa vidole viwili, akainua uso. Na akacheka. Hakucheka kwa nguvu. Kicheko kilianzia puani, kikapanda kama ndege mdogo, kikakatika.

Mama Geraghty alikuwa ameshika kitambaa cha altare, kile alichotoka kukipiga pasi, amekikunja kwenye ngumi mbele ya kinywa.

"Tena," alisema.

Orla akacheka tena.

"Usikikate," mama alinong'ona. "Sasa hayupo wa kumziba. Kiache kiende."

Basi Orla akakiacha. Kikapanda, kikavuka pale pa kukatikia, kikajaa jiko zima, na hakujua ni wakati gani kilipogeuka kilio, wala ni nani kati yao aliyeanza. Alijikuta kichwa chake kimeegemea bega dogo lenye mifupa, na mkono mkavu unampigapiga mgongoni kwa ukali, kama anayemkung'uta vumbi.

"Jumapili," mama alisema alipoweza kusema. "Misa ya saa tano. Utakaa na mimi benchi la tatu. Ikiisha, pale nje wanaposimama kupiga soga, utawaambia ule mwendo uliuchukua kwa nani. Uwatajie jina lake zima. Honora Mary Tansey."

"Nitawaambia."

"Na kiapo nilichomwapia, nitakwenda kumjibu mwenyewe huko aliko. Watasema maneno, unajua?"

"Waache waseme."

Kivuli kilijaa mlangoni. Fergal, ameloa chapachapa, amevua kofia. Alikuwa amesimama nyuma ya zizi muda wote huo akikusanya ujasiri, na sasa aliwakuta wanawake wawili macho mekundu, wameshikana.

"Kuna nini? Mama? Orla, amekufanya nini?"

"Funga mlango, hapa si zizini," mama yake alisema. "Mwanamke huyu amekuja kukuposa."

Fergal aliiminya kofia mikononi. "Na... umemjibuje?"

"Nimemwambia hajui kukamua." Alikitazama kitambaa kilichojikunja mkononi, akaguna, akaichomeka tena pasi. "Saa kumi na moja hii, ng'ombe wanangoja. Nenda kamfundishe."

Walikwenda. Na huko zizini, kati ya joto la ng'ombe wawili, Orla alimsimulia yote, bila kujipunguzia hata neno. Fergal alisikiliza paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe. "Na mimi nilicheka," alisema hatimaye. "Kila Jumapili nilikuwa nacheka, na yeye amekaa pembeni yangu." Orla alimshika mkono mpaka maziwa yakapoa ndooni.

Jumapili hiyo mvua ilikuwa nyepesi. Baada ya Misa watu walisimama kwenye changarawe mbele ya kanisa kama desturi, kola zimeinuliwa, na walipomwona mwigizaji ametoka ameshikwa mkono na mama yake Fergal, Concepta Geraghty, soga zikakatika zenyewe. Orla alipanda ngazi moja ili aonekane. Alisema sentensi nne. Alisema aliyoyafanya, alisema jina zima, na alisema kwamba anaomba radhi kwa mtu ambaye hawezi tena kumjibu. Kisha akashuka ngazi, kwa kuwa hakuwa na zaidi.

Tarishi wa posta alitazama viatu vyake.

Aliyeanza alikuwa mzee mmoja mkulima, kutoka nyuma. "Nonie Tansey ndiye aliyenifundisha kudansi," alisema. "Kwa mguu ule ule. Nilimkanyaga usiku kucha, akanicheka mpaka alfajiri." Mwanamke mwingine akasema Nonie alimshonea gauni la komunyo na hakutaka hata asante. Mwingine akakumbuka nyimbo zake. Wakasimama pale karibu saa nzima, wanaloa, kila mmoja na Nonie wake, na mama Geraghty katikati yao anageuza uso huku na huko, anapokea kila neno kama mtu anayegawiwa mkate.

Fergal Geraghty, ambaye tangu kuzaliwa hakuwahi kumgusa mwanamke mbele za watu, alipita katikati ya parokia nzima, masikio yamemwiva. Akauchukua mkono wa Orla, akauingiza pamoja na wa kwake ndani ya mfuko wa koti lake, na hakuutoa.